Kwa nini Seyyid Barghash hakumsamehe umbu lake? Tuzijadili barua za Bibi Salme

#1 MsomajiMkunazini

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nimemaliza kusoma kwa mara ya pili kumbukumbu za Bibi Salme binti Said, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Unguja, zile zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, na kuna jambo ambalo halijanitoka moyoni. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15, Salme ndiye aliyekuwa mwandishi wa njama ya kaka yake Barghash ya kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid. Wenzake walimpa kazi hiyo kwa kuwa alijua kuandika, jambo lililokuwa nadra kwa wanawake wa jumba lile. Anasimulia kwamba dhamiri ilimsuta kila alipoandika barua za kuagiza bunduki, risasi na baruti, kwa sababu alijua zingeua watu wasio na hatia, lakini aliandika.

Miaka ikapita, Barghash akawa Sultani, na Salme akawa mjane nchini Ujerumani mwenye watoto watatu. Safari hii alimwandikia Barghash mwenyewe, kwa Kiarabu, akimwomba msamaha na haki yake. Msamaha haukuja hadi Barghash alipofariki mwaka 1888.

Swali langu ni moja tu. Ni nini hasa kilichomzuia? Naomba tusimalize kwa neno "dini" na kuondoka.

#2 NahodhaMstaafu

Ndugu Msomaji, wa alaykum salaam. Unakataza jibu ambalo ndilo jibu lenyewe. Binti wa Seyyid Said alitoroka mwaka 1867 na Mjerumani, akabatizwa, akabadilisha jina. Barghash alikuwa Sultani wa nchi ya Kiislamu, tena mtu wa Kiibadhi mwenye msimamo, aliyeanzisha kiwanda cha kupiga chapa vitabu vya madhehebu yake hapa Unguja. Ulitaka afanye nini? Sultani aliyetorokwa na dada yake hana budi kusimama imara mbele ya watu wake.

#3 MwalimuWaTarehe

Nahodha, naomba nikurekebishe mahali pawili, kwa heshima zote, kwa sababu makosa haya yanabadilisha hoja.

Salme aliondoka Unguja usiku wa tarehe 24 Agosti 1866, akiwa mjamzito, kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akashukia Aden. Mwaka 1867 ndio aliobatizwa, tarehe 30 Mei, hukohuko Aden, na siku hiyohiyo akaolewa na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Umeziunganisha tarehe mbili.

La pili ni kubwa zaidi. Aliyetorokwa hakuwa Barghash. Sultani wa wakati huo alikuwa Majid, naye alitawala hadi Oktoba 1870. Ruete alibaki Unguja miezi kadhaa baada ya Salme kuondoka, akikamilisha biashara zake, na Majid hakumgusa. Kwa hiyo aliyevunjiwa heshima moja kwa moja alinyamaza, na aliyerithi kiti ndiye aliyekaza moyo. Hapo ndipo penye swali la Ndugu Msomaji.

#4 NahodhaMstaafu

Nimekubali marekebisho, Mwalimu. Lakini Majid kunyamaza si kusamehe.

#5 BintiWete

Shikamooni wakubwa. Sina elimu ya historia, ila nina kisa cha nyumbani ambacho huenda kikasaidia.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kaka aliyehamia Muscat baada ya mwaka 1964. Waliandikiana kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na barua za babu huyo bado zipo kwetu Pemba, ndani ya mkebe wa biskuti. Bibi alipouza mikarafuu ya baba yao bila kumshauri, barua zikakatika kwa miaka 12. Bibi hakuacha kuandika. Babu hakuwahi kumjibu yeye, lakini kila alipomwandikia jirani yetu mmoja, mwishoni kulikuwa na mstari mmoja: "na walio nyumbani kwa marehemu baba, wote nisalimie." Jina la bibi halikutajwa. Bibi alikuwa akimfuata jirani ili asomewe mstari ule tu, kisha anarudi nyumbani.

Ninachotaka kusema ni kwamba kaka asiyejibu hajasahau. Kunyamaza kwake kuna maneno ndani, na wakati mwingine anaogopa kwamba akiandika herufi moja atakuwa ameshasamehe.

#6 KalamuYaMwanzi

Bi Wete, umenigusa. Na kabla sijasahau, nimpongeze mwenye uzi kwa kutumia neno "umbu" kwenye kichwa cha habari. Vijana wengi hawalijui. Umbu ni ndugu wa jinsia nyingine, yaani kaka kwa dada yake na dada kwa kaka yake. Neno "ndugu" ni pana, lakini "umbu" lina uzito wa pekee, kwa sababu katika mila zetu za pwani umbu la kiume ndiye kimbilio la mwanamke akiachwa au akifiwa na mume. Salme alifiwa na mume Agosti 1870, baada ya ajali ya tramu ya farasi mjini Hamburg. Kwa mila yake, mlango uliokuwa umebaki ni wa maumbu yake.

Tukumbuke pia alivyojifunza kuandika. Wasichana wa jumba la Mtoni walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Yeye aliziiga herufi za Msahafu kwa siri, juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa watoto. Mtu anayejifunza kwa kunakili hivyo huwa na mwandiko wake, usiofanana na wa mwanafunzi mwingine yeyote wa chuoni. Barghash aliujua mwandiko huo tangu mwaka 1859, kwa kuwa ndio uliobeba siri zake zote. Naamini barua ya Salme ilipofunguliwa mbele yake aliujua mkono kabla ya kufika kwenye jina.

Na barua za zamani hazikuanza kwa pupa. Zilianza na "Ila jenabi", zikafuata sifa za mwandikiwa na dua, ndipo linakuja "ama baada ya salamu" na mwandishi anasema shida yake. Hebu mfikirieni mwanamke aliyekwisha kubatizwa anaiandika dua ile kwa umbu lake. Akiiacha, amemkosea adabu Sultani. Akiiandika, msomaji ataona anachezea dini.

#7 MkaziWaHamburg

Salamu kutoka kaskazini. Kaburi la Bibi Salme liko hapa, katika makaburi ya Ohlsdorf, nami nimelizuru mara tatu. Alifariki mjini Jena Februari 1924. Katika vitu alivyoacha palikuwa na kimfuko cha mchanga wa Unguja, wakauzika pamoja naye.

Kuhusu barua, mbona zimekwisha kuchapishwa? Kipo kitabu chake cha pili, barua ndefu alizompelekea Barghash akimweleza maisha ya Ujerumani, baridi, upweke na kifo cha mumewe. Ukizisoma huwezi kuamini kwamba mtu alizipokea akanyamaza.

#8 MwalimuWaTarehe

Ndugu wa Hamburg, asante kwa habari za kaburi. Ila hizo barua ndefu hakuandikiwa Barghash. Zimeandikwa kwa Kijerumani, zinamwelekea rafiki wa kike wa nyumbani asiyetajwa jina, na zilichapishwa miaka mingi baada ya kifo chake. Ni kumbukumbu zilizovikwa vazi la barua. Barua za Kiarabu kwa Barghash ni kitu kingine kabisa, na lugha yake ni ya mwombaji mbele ya mtawala. Tusimhukumu Barghash kwa kurasa ambazo hakuandikiwa.

#9 MkaziWaHamburg

Nimepokea, Mwalimu. Nilizichanganya.

#10 WakiliWaMirathi

Naomba niingie kwa upande wa sheria, kwa sababu watu wanasema "haki yake" kana kwamba ni kitu kimoja.

Mali aliyoizungumzia Salme ina mafungu matatu. La kwanza ni urithi wa baba yake. Seyyid Said alifariki baharini Oktoba 1856, na Salme, ingawa alikuwa na miaka 12 tu, alihesabiwa mtu mzima akapewa fungu lake: shamba lenye nyumba na paundi 5,429. Fungu hilo lilikwisha kuwa mikononi mwake na halikuwa na mgogoro. La pili ni mali aliyoiacha alipokimbia. La tatu ni urithi wa ndugu zake waliofariki baada ya yeye kuondoka, na wakumbukeni walivyokuwa wengi, kwani yeye mwenyewe anasema Seyyid Said aliacha watoto 36 walio hai.

Katika fungu la tatu Barghash alikuwa na hoja iliyo wazi. Hadithi inajulikana: Muislamu hamrithi asiye Muislamu, wala asiye Muislamu hamrithi Muislamu. Hakimu yeyote wa Unguja wa wakati ule, awe Ibadhi au Shafii, angehukumu hivyo. Katika fungu la pili kuna mjadala mrefu wa mafakihi kuhusu mali ya aliyeritadi, yaani aliyeuacha Uislamu. Kwa hiyo Barghash angeweza kumnyima urithi kwa haki na bado akampa msamaha au posho kwa hisani yake. Sheria inaeleza kwa nini hakulipa. Haielezi kwa nini alikaa kimya.

#11 MjukuuWaBububu

Wakili amelitenganisha vizuri, na mimi nitaongeza sababu ambayo naona ndiyo mzizi. Barghash hakumsamehe kwa lililotokea kabla ya Mjerumani.

Turudi Oktoba 1859. Majid ameizingira nyumba ya Barghash kwa askari, na maji yanawaishia waliomo ndani. Usiku mmoja Salme na dada yao Khole wanatoka na wajakazi wao, wanawakabili askari na kuwataja majina yao, jambo ambalo binti wa kifalme hakulifanya mbele ya wanaume wasio jamaa. Wanaruhusiwa kuingia. Barghash anavishwa mavazi ya kike, anabaki macho tu, na wanamweka katikati ya wanawake warefu kuliko wote ili kimo chake kisionekane. Wanapita polepole mbele ya askari walewale hadi nje ya mji, naye anakwenda shamba la Marseille ambako wafuasi wake wanamngoja. Siku chache baadaye anashindwa, Waingereza wanaingilia kati, anajisalimisha na kupelekwa Bombay kwa takriban miaka miwili.

Aliporudi mwaka 1861 alimkuta Khole yuko palepale, na Salme amekwisha kupatana na Majid. Tazameni jambo hili kwa macho ya Barghash. Mtu aliyeandika kila barua ya siri, anayejua majina ya masheikh wote waliomuunga mkono, sasa anakaa na kunywa kahawa na adui yake. Khole alivunja udugu naye kwa sababu hiyohiyo, na Barghash alimfuata Khole. Kutoroka kwa mwaka 1866 kulimpa tu sababu ya kusema hadharani lile alilokuwa nalo moyoni.

#12 BintiWete

Lakini Ndugu Mjukuu, Majid ndiye aliyeishi naye kwanza. Salme na mama yake walihamia kwa Majid akiwa mtoto, katika nyumba ya Beit al-Watoro, na Majid ndiye aliyemfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha. Aliyesalitiwa kwanza ni Majid. Kurudi kwake kwa Majid kulikuwa ni kurudi nyumbani.

#13 MjukuuWaBububu

Kwa Salme, naam. Mimi nasema alivyoona Barghash.

#14 MpendaNyaraka

Uzi huu umesahau kabisa Waingereza, na bila wao hauwezi kueleweka.

Juni 1875 Barghash alizuru London. Salme aliposikia habari za ziara hiyo alijifunza Kiingereza kwa haraka, akaacha watoto Ujerumani, akavuka bahari ili akutane na umbu lake uso kwa uso. Hapo akakabiliwa na Sir Bartle Frere, yuleyule aliyekuja Unguja mwanzoni mwa mwaka 1873 kumshinikiza Barghash aache biashara ya watumwa. Frere alimtaka achague: akimwacha Sultani bila kumsumbua, serikali ya Uingereza itaangalia maisha ya watoto wake. Mama wa watoto watatu wasio na baba alichagua watoto. Barghash alipokwisha kuondoka, Salme akaambiwa kwamba yeye ni raia wa Ujerumani, na jukumu lake haliko London.

Basi, ndugu zangu, mwaka 1875 Salme hakukataliwa na Barghash. Alizuiwa asimfikie. Mgeni wa heshima aliyekuwa akitembezwa na kukaribishwa na Malkia hakupewa nafasi ya kukataa wala kukubali. Na mshauri wake mkubwa aliyeishi Unguja, balozi John Kirk, hakuwa na sababu ya kutamani bibi mwenye uraia wa Kijerumani arudi jumbani. Nafasi pekee ambayo wawili hawa wangeonana mbali na macho ya Unguja ilipotezwa na mtu wa tatu.

#15 NahodhaMstaafu

Mpenda Nyaraka, hilo ni la mwaka 1875. Miaka kumi baadaye alikuja na nini? Manowari! Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Useguha na Ukami, Barghash akapinga kwa maandishi. Agosti mwaka huohuo meli za vita za Ujerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake kumlazimisha akubali, na ndani ya msafara uleule, katika meli iliyoitwa Adler, yupo Bibi Salme na watoto wake. Bismarck, kansela wa Ujerumani, alikuwa na mtoto wa kiume wa Salme kama karata mfukoni, mjukuu wa Seyyid Said mwenye uraia wa Kijerumani.

Hata kama Barghash alikuwa amelainika kufikia hapo, nani angesoma barua ya dada huku mizinga imeelekezwa barazani kwake? Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao.

#16 KalamuYaMwanzi

Nahodha, hapo umesema kweli nzito, ila methali hiyo siikubali kwake. Janga lake alilila peke yake kwa miaka 19 kabla ya meli hizo. Na aliposhuka pwani mwaka ule, anasimulia kwamba watu wa mji walimfuata barabarani na kumsalimia kwa furaha, ingawa walijua Sultani hapendezwi. Watu wa kawaida walimkumbuka vizuri.

Niongeze kisa changu. Nilipokuwa na miaka 13 huko Mombasa, mama alikuwa akinitajia maneno na mimi naandika, kwa kuwa yeye hakujua. Barua moja ilimwendea mjomba aliyekuwa akifanya kazi Ghuba, kuhusu nyumba ya babu, na maneno yake yalikuwa makali. Mama na mjomba walipatana baada ya miezi michache. Mimi mjomba hakuniita tena mwanangu kwa miaka mingi, kwa sababu ukali aliouona ulikuwa katika mwandiko wangu. Bado nakumbuka nilivyouliza, "Mama, neno hili tuliandike?" naye akasema liandike. Kwa hiyo ninapofikiri juu ya yule binti wa miaka 15 akiandika usiku barua za kuagiza baruti, najua kwamba mwandishi hubeba lawama ambayo wenye maneno wameshaitua.

#17 WakiliWaMirathi

Poleni kwa hilo, Kalamu.

Ningependa kuuliza wale wa kinyongo cha mwaka 1859 na wale wa mizinga ya 1885. Barghash alifariki Machi 1888. Mwezi Mei Salme alikuwa amekwisha kufika Unguja, akitumaini kwamba Sultani mpya, kaka yao Khalifa bin Said, atakuwa mpole. Hakupata alichokifuata. Khalifa hakuandikiwa barua za njama, hakuvishwa mavazi ya kike, wala hakuelekezewa mizinga kwa ajili ya Salme. Kama chanzo kilikuwa kifua cha Barghash, mbona mlango haukufunguka kifua hicho kilipozikwa?

#18 MjukuuWaBububu

Wakili, Khalifa alirithi kiti pamoja na washauri, na Barghash alikuwa amemweka kizuizini kwa muda. Mtu wa namna hiyo haanzi utawala wake kwa kutengua uamuzi mgumu. Na Wajerumani mwaka 1888 walikuwa wameshapata walichokitaka pwani, hawakuwa tena na haja ya kumsemea Salme.

#19 WakiliWaMirathi

Hilo la washauri nalikubali. Lakini basi unahamia kwenye hoja ya Mpenda Nyaraka na unaiacha yako.

#20 MjukuuWaBububu

Siiachi. Naongeza.

#21 MkaziWaHamburg

Mwalimu wa Tarehe, leo umekuwa kimya posti kumi na mbili nzima bila kuturekebisha. Tunaomba tarehe moja tulale salama.

#22 MwalimuWaTarehe

Ninayo moja, ndugu yangu, na inahusu njia za barua zenyewe. Meli za posta za Kiingereza zilianza kufika Unguja kila mwezi mwaka 1872, na waya wa simu za maandishi ulifika mwaka 1879. Kwa hiyo katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Barghash, barua kutoka Ujerumani ilipita katika mikono mingi kabla ya kufika Forodhani: ofisi za posta, mabalozi, makarani. Mtawala aliyejibu barua ya namna hiyo alijua kwamba jibu lake litasomwa London na Berlin. Bi Wete alisema kaka wa bibi yake alipitisha salamu kwa jirani. Barghash hakuwa na jirani wa kumpitishia.

#23 MsomajiMkunazini

Nawashukuru nyote. Nimesoma kila posti mara mbili. Nilikuja na swali moja, na sasa nina la kidini, la mirathi, la Khole, la Frere, la manowari na hili la njia ya barua, na siwezi kusema lipi lina nguvu kuliko jingine, ingawa moyo wangu unaegemea kwa Mjukuu wa Bububu.

Jana alasiri nilikwenda katika jumba la makumbusho la Forodhani, ambako kuna chumba chake. Nilisimama mbele ya picha ile aliyopigwa Ujerumani akiwa amevaa mavazi ya Kiarabu, na safari hii sikuutazama uso. Niliutazama mkono.

Bi Wete, nina ombi. Katika ule mkebe wa biskuti, barua ya kwanza ya babu baada ya ile miaka 12 inaanzaje?

#24 BintiWete

Nimempigia mama simu na amenisomea. Sifa na dua zote za mwanzo hazipo. Imeandikwa: "Umbu langu, karafuu za mwaka huu zimechanua?"